Mkopeshaji Akueleze Kabla Hujatia Sahihi

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kigonsera, Wilaya ya Mbinga)



Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya mikopo. Najua wengi mtasema, "Mikopo tunaijua, tumeshakopa." Ndiyo, tumekopa. Mimi mwenyewe nimekopa, na nimewadhamini wengine. Lakini leo sitasema habari ya kukopa wala habari ya kulipa. Nitasema habari ya kuelezwa. Mtu anayekukopesha fedha ana wajibu wa kukueleza mambo kabla hujatia sahihi, na mengine akueleze wakati deni linaendelea. Katika mambo hayo liko moja ambalo halisemwi sana. Nalo ni bima inayokatwa kwenye mkopo wako.

Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alikuwa mkulima wa kahawa kama ninyi. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Kuta zilisimama, bati hakuwa nazo. Mwezi wa Oktoba akaenda mjini kukopa shilingi 3,000,000 ili aezeke nyumba na anunue mashine ndogo ya kumenya kahawa. Ofisi aliyokopa sitaitaja jina. Nyumba ile ile ikawekwa rehani. Yaani akishindwa kulipa, nyumba iuzwe. Mdhamini nilikuwa mimi. Nilitia sahihi mahali nilipoonyeshwa kwa kidole. Kusoma najua tangu utoto, lakini siku ile sikusoma. Karatasi zilikuwa sita, maandishi madogo, na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi nje.

Alipopokea fedha zilikuwa shilingi 2,875,000. Nikamwuliza, "Nyingine ziko wapi?" Akanijibu, "Wamekata mambo yao." Tukacheka, tukapanda gari.

Marejesho yalikuwa shilingi 170,000 kila mwezi kwa miezi 24. Alilipa miezi mitano. Mwanzoni mwa Aprili akaugua homa, na siku ya nne akafariki. Akaacha mke na watoto watatu.

Kabla ya arobaini haijafika, bwana wa marejesho akaja na pikipiki. Alitoa pole, akakaa, akanywa maji. Kisha akasema rejesho la Aprili limechelewa. Shemeji yangu alilipa rejesho lile kwa fedha za rambirambi. Mwezi wa Mei akauza kahawa ikiwa ingali mtini, kwa ule mtindo wetu tunaouita magoma. Ninyi mnajua bei ya magoma. Aliyenunua kahawa ile alipata zaidi ya mara mbili ya fedha alizotoa. Baadaye likafuata ng'ombe. Mtoto wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa nauli, sare na michango. Kila mwezi shemeji alilipa. Kutoka Aprili mpaka Desemba alilipa marejesho tisa, jumla shilingi 1,530,000. Kila mara bwana yule alimwandikia risiti, akamwambia, "Ahsante mama, wewe ni mteja mzuri."

Shemeji yangu alijifunza kusoma ukubwani, darasani kama hili. Mwezi wa Januari alikuwa anatafuta karatasi ya kiwanja katika kopo la marehemu. Akakuta karatasi ndogo ya njano ya siku ile ya mkopo. Ilisema: fomu 20,000, maandalizi ya mkopo 60,000, bima 45,000. Jumla 125,000. Akasoma tena polepole: bi-ma. Akanijia asubuhi na karatasi mkononi. Akaniuliza, "Shemeji, hii bima ni ya nini?"

Jamani, mimi mdhamini sikuwa na jibu.

Basi sikilizeni, maana hapa ndipo penye shughuli. Bima inayokatwa kwenye mkopo kwa kawaida ni bima ya maisha ya mkopaji. Mkopaji akifa, au akipata kilema cha kudumu kisichomwezesha kufanya kazi, kampuni ya bima inamlipa mkopeshaji deni lililobaki. Fedha hazimwendei mjane mkononi. Zinakwenda kwa mkopeshaji. Lakini deni linafutika, na nyumba inatoka rehani. Anayelipia bima hiyo ni mkopaji. Mdogo wangu alilipia shilingi 45,000 ili siku akifa mke wake asidaiwe. Akafa, na mke wake akadaiwa miezi tisa.

Je, mkopeshaji alijua kwamba bima ipo? Alijua, maana aliikata mwenyewe. Je, alijua kwamba mkopaji amefariki? Alijua. Alikunywa maji msibani.

Msidhani jambo la namna hii liko kwetu tu. Huko Marekani watu wengi hununua nyumba kwa mkopo wa benki, na hulipa kwa miaka 15 au 30. Mnunuzi akitoa fedha zake kidogo mwanzoni, chini ya sehemu 20 katika 100 za bei ya nyumba, benki nyingi humtaka alipie bima kila mwezi. Bima ile haimlindi mwenye nyumba. Inamlinda mkopeshaji, asipate hasara mkopaji akishindwa kulipa. Sasa deni linapungua mwaka hata mwaka. Linafika mahali ambapo nyumba ina thamani kubwa kuliko deni, na mkopeshaji hana tena hofu kubwa. Lakini watu waliendelea kulipia bima ile miaka na miaka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kuacha.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwalinda wenye nyumba, nayo ikaanza kutumika Julai 1999. Sheria ile inasema hivi. Siku ya kutia sahihi mkopeshaji ampe mkopaji maandishi ya kumweleza kwamba bima ipo, na lini inaweza kukoma. Halafu kila mwaka amkumbushe kwa maandishi. Deni likishuka mpaka 80 katika kila 100 za thamani ya nyumba wakati iliponunuliwa, mkopaji anaweza kuandika barua kuomba bima ifutwe, kama amekuwa akilipa vizuri. Na kwa ratiba ya mkopo deni linapofika 78, kama mkopaji hana malimbikizo, mkopeshaji aifute mwenyewe bila kuombwa.

Ile bima ya Marekani na hii yetu si kitu kimoja. Ile ni ya kushindwa kulipa, hii yetu kwa kawaida ni ya kifo au kilema. Nimeileta mbele yenu kwa neno moja tu: kukumbushwa kila mwaka. Wenzetu wale wana shule nyingi na magazeti mengi, lakini ilibidi sheria imlazimishe mkopeshaji kufungua mdomo.

Sasa turudi kwetu. Sheria zetu zinasemaje?

Mwaka 2018 Bunge letu lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha. Kwa sheria hiyo mtu au kampuni inayofanya biashara ya kukopesha lazima iwe na leseni. Wale wasiopokea amana, yaani wanaokopesha tu, leseni yao inatoka Benki Kuu ya Tanzania. SACCOS ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, vinaandikishwa kwa kupitia halmashauri. Kwa hiyo ukienda kukopa, neno la kwanza ni hili: "Naomba nione leseni yako." Siyo dharau. Hata dereva anaulizwa leseni. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila kibali. Vijana wetu wenye simu wajue hilo.

Halafu mwaka 2019 zilitoka kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha. Kanuni hizo zinamtaka mtoa huduma amweleze mteja wazi masharti, riba, ada na gharama zote kabla ya mkataba. Tena awe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Bima ni gharama kama gharama nyingine. Haitoshi kuandika "bima 45,000" kwenye kikaratasi cha njano. Ni lazima ueleweshwe hiyo bima ni ya nini, ni ya kampuni gani, na siku ya shida mtu aende wapi.

Kuna mama pale nyuma amenyosha mkono. Ndiyo, mama.

Anauliza: "Sasa sisi tusiojua maneno makubwa, tutaulizaje?"

Swali zuri. Uliza kwa maneno ya nyumbani. Mwambie: "Mwanangu, nimeomba milioni tatu. Nitapokea ngapi mkononi? Zilizokatwa ni za nini, moja moja? Mpaka nimalize nitakuwa nimelipa ngapi kwa jumla? Hii bima, nikifa, nani alipwe, na watoto wangu wamwambie nani?" Maneno hayo hayana ukubwa wowote. Akijibu, mwambie aandike. Asipotaka kuandika, basi umeshapata jibu lako. Simama uende nyumbani ukachimbe ngoro zako.

Na riba je? Hapa wengi tunapigwa. Mtu anasema, "Riba yangu ndogo tu, asilimia tatu kwa mwezi." Ziko njia mbili za kuhesabu asilimia hiyo. Chukua mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa miezi 12. Njia ya kwanza, riba inahesabiwa kila mwezi juu ya milioni mbili zote, hata kama umeshalipa nusu. Hiyo ni shilingi 60,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 720,000. Njia ya pili, riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki tu. Ukipunguza deni sawasawa kila mwezi, riba ya mwaka mzima ni shilingi 390,000. Asilimia ni ile ile tatu, lakini tofauti ni shilingi 330,000. Zihesabuni mbao za kupaulia zinazopatikana hapo. Kwa hiyo uliza: "Riba ni ya mkopo wote, au ni ya deni lililobaki?" Swali hilo likiulizwa na mtu aliyevaa kandambili, afisa anakaa sawa kwenye kiti.

Na nyumba ikiwekwa rehani, kuna Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, iliyorekebishwa mwaka 2008 na Sheria ya Mikopo ya Nyumba. Nyumba ambayo mume na mke wanaishi haiwekwi rehani kwa siri. Mwenzi wa ndoa lazima aridhie. Mkopeshaji naye anatakiwa kuhakikisha kama mkopaji ana mke au mume. Na hapa wajibu wa kueleza unatugeukia sisi wenyewe. Mkopaji ana wajibu wa kusema kweli kwamba ana mwenzi. Mwanaume anayejiandika "sijaoa" huku ana mama na watoto nyumbani anafanya kosa la jinai. Msicheke. Wapo.

Ukichelewa kulipa, mwenye rehani hawezi kuja asubuhi na dalali kama mtu anayekuja kuchukua kuku. Sheria inamtaka akupe ilani ya maandishi. Ilani ieleze umekosa nini na kwa kiasi gani, na ufanye nini kurekebisha. Tena unapewa siku 60 tangu uipokee. Mkilipata karatasi la namna hiyo msilifiche chini ya godoro. Siku ya kwanza ina faida kuliko siku ya hamsini na tisa. Na nyumba ikifikia kuuzwa, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana, siyo kumgawia rafiki yake.

Huku vijijini wengine hawaandikishi rehani. Wanachukua tu karatasi ya mauziano ya kiwanja, au ile hati ya hakimiliki ya kimila, wanaifungia kabatini. Na kule ziwani, Mbambabay na Lituhi, mvuvi anaweza kuacha mashine ya boti. Karatasi ikitoka mikononi mwako, dai risiti inayosema imechukuliwa na nani, kwa deni lipi, na irudishwe lini. Bila risiti utasema nini?

Tena tusichanganye bima na bima. Mnakumbuka Benki ya Jamii ya Mbinga. Benki Kuu iliifungia tarehe 12 Mei 2017 kwa sababu mtaji wake haukutosha, na Bodi ya Bima ya Amana ikawa mfilisi. Hapo mtu akisema "bima" alikuwa na maana ya bima ya amana. Hiyo inamlinda aliyeweka fedha benki, na wakati ule kiwango chake kiliishia shilingi 1,500,000 kwa mtu mmoja. Mwenye akiba alilipwa mpaka hapo, na zaidi ya hapo alisubiri ufilisi. Bima hiyo haifuti deni la mtu yeyote. Watu wengine walidhani benki ikifa na deni limekufa. Hapana. Mdaiwa anadaiwa na mfilisi. Na bima ya nyumba yenyewe, ya moto au ya upepo kuezua bati, hiyo ni ya tatu, ina mkataba wake. Upepo ukiezua paa, ile bima ya mkopo ya 45,000 haikuletei hata bati moja.

Sasa nimalizie habari ya shemeji yangu, maana naona macho yenu yananiuliza.

Tulikwenda ofisini, yeye na mimi, na karatasi ya njano, risiti tisa, na cheti cha kifo. Kijana wa mapokezi alisema, "Mmechelewa. Taarifa ya kifo ilitakiwa ndani ya siku 90." Nikataka kupandisha sauti. Shemeji akanishika mkono. Akamwuliza kijana yule kwa upole, "Mwanangu, siku 90 hizo zimeandikwa wapi?" Akasema kwenye mkataba. Shemeji akasema, "Naomba nakala yetu ya mkataba." Hapakuwa na nakala yetu. Mdogo wangu hakupewa, wala mimi mdhamini. Akamwuliza tena, "Na huyu aliyekuwa anakuja na pikipiki kuchukua marejesho, si mtu wa ofisi hii? Yeye hakuleta taarifa ya kifo?" Kijana akanyamaza, akaingia ndani kumwita mkubwa wake.

Hatukumaliza siku ile. Tuliandika barua. Shemeji aliiandika kwa mkono wake, mimi nikasahihisha maneno mawili tu. Tulieleza tarehe ya mkopo, tarehe ya kifo, marejesho yaliyolipwa baada ya kifo, na kwamba hatukuelezwa habari ya bima wala kupewa nakala. Tukaomba jibu la maandishi. Tukasema pia kwamba tusipojibiwa tutapeleka malalamiko Benki Kuu. Nakala tukabaki nayo, na tukaomba wapige muhuri wa kupokea. Muhuri ule ni muhimu kama barua yenyewe. Ukikosa muhuri watasema barua haikufika.

Mwezi wa tatu kampuni ya bima ikakubali. Deni likafutwa. Mwezi wa Juni shemeji akarudishiwa zile shilingi 1,530,000, bila hata senti ya kumpoza, na karatasi ya kiwanja ikarudi katika kopo lake. Ng'ombe hakurudi. Kahawa ya mwaka ule haikurudi. Mtoto alirudi shule, lakini anasoma na waliokuwa nyuma yake.

Mimi nasema ilikuwa nusu ya haki. Wengine katika ukoo wanasema nishukuru, maana wapo waliopoteza nyumba kabisa. Sishukuru sana. Mtu aliyekatwa bima alipaswa kuelezwa siku anakatwa, na mke wake alipaswa kuelezwa siku ya msiba, na yule yule aliyekuja kutoa pole. Na lawama nyingine ni yangu. Nilitia sahihi kwa sababu ya honi ya gari.

Kama mambo ya bima yangekwama zaidi, tungekwenda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayoitwa TIRA. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kwa ajili ya watu wanaogombana na kampuni za bima. Malalamiko juu ya mkopo wenyewe, kwanza ni kwa mkopeshaji, kwa maandishi. Akikataa au akinyamaza, ni Benki Kuu. Ukitaka msaada wa kuandika, mwone mwalimu wa kisomo au afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Jambo moja dogo nilitaka kulisahau. Mtu anayemaliza mkopo kabla ya muda wake, au anayeongezewa mkopo juu ya mkopo, aulize habari ya bima aliyokwisha kulipia. Ulilipia miezi 24, umemaliza kwa miezi 10. Je, hiyo miezi 14 iliyobaki inahesabiwaje? Mikataba haifanani. Mingine inarudisha kitu, mingine hairudishi. Lakini usiposema watakukata bima mpya juu ya ile ya zamani, na hutaijua.

Basi. Niliwaambia wiki iliyopita kila mwenye mkopo aje na karatasi zake. Naona watu watano wamekuja nazo, na mzee mmoja amekuja na kopo zima. Tukae wawili wawili. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole. Tafuteni kwanza neno "bima". Mkilipata, pigeni mstari chini yake kwa penseli, halafu mniite.